Uchakataji wa lugha asilia: istilahi, masomo ya uzamili na nafasi ya Kiswahili

Uchakataji wa lugha asilia ni tawi la sayansi ya kompyuta linalohusu namna mashine inavyoweza kupokea, kuchanganua, kufasiri na kuzalisha lugha ya binadamu, iwe ya maandishi au ya mazungumzo. Tafsiri ya mashine, usahihishaji wa tahajia, utafutaji wa habari, ubadilishaji wa sauti kuwa maandishi na programu zinazojibu maswali ni baadhi ya matunda yake. Katika vyuo vikuu vingi taaluma hii hufundishwa kwa kina katika shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Wahitimu wengi wa Kiswahili na isimu hukutana nayo katika ngazi hiyo kwa mara ya kwanza: ama kwa kujiunga na masomo yenyewe, ama kwa kuombwa kufasiri matini zake, ama kwa kuitwa kutia alama katika data ya mtafiti.

Makala hii inaeleza istilahi za taaluma hii, mambo yanayosomwa, na mahali ambapo muundo wa Kiswahili unadai uangalifu wa pekee. Hoja yake kuu ni moja. Mashine haisomi maneno kama tuyajuavyo. Husoma vipande vya maneno, na katika Kiswahili kipande kidogo ndicho mara nyingi kinachobeba uamuzi wa sentensi nzima. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa sarufi ni sehemu ya kazi yenyewe, hata pale ambapo mwanafunzi ameambiwa kwamba mashine hujifunza peke yake.

1. Istilahi na matumizi yake

Kitenzi "chakata" kimezoeleka katika kazi ya mkonge na mazao mengine, kwa maana ya kukipitisha kitu ghafi katika hatua kadhaa hadi kiwe tayari kwa matumizi. Maana hiyo imepanuliwa hadi kwenye data na lugha. Baadhi ya waandishi hupendelea "usindikaji wa lugha asilia". "Sindika" kwa asili ni kukamua mafuta au miwa, na siku hizi hutumika sana kwa vyakula vya viwandani. Istilahi zote mbili zinaeleweka, ila "uchakataji" ina faida ya kutumika tayari katika "uchakataji wa data", na hivyo humwezesha msomaji kuona udugu wa dhana hizo mbili.

Neno "asilia" linahitaji tahadhari. Katika istilahi hii, lugha asilia ni lugha yoyote inayozungumzwa na watu, ikitofautishwa na lugha za kutungia programu. Kiswahili, Kiingereza, Kijaluo na Kichina zote ni lugha asilia. Mfasiri asiichanganye na "lugha ya asili" au "lugha ya kiasili", ambayo katika mazungumzo ya sera za elimu humaanisha lugha ya jamii fulani, kwa kawaida isiyo lugha rasmi ya taifa. Sentensi "chuo kimeanzisha somo la lugha asilia" inaweza kumpeleka msomaji kwenye Kihaya au Kigiriama wakati mwandishi alikusudia kompyuta. Ni vyema istilahi iandikwe kwa ukamilifu inapotajwa mara ya kwanza.

Isimu kompyuta, ambayo wengine huiita isimu tarakilishi, iko karibu na uchakataji wa lugha asilia lakini shabaha yake ni tofauti kidogo. Mwanaisimu kompyuta hutumia mashine ili kuielewa lugha. Mchakataji hutumia alichokielewa kuhusu lugha ili kuunda chombo. Katika kumbi za mihadhara mpaka huo haulindwi kwa ukali, na vitabu vingi hutumika pande zote mbili.

Zipo istilahi nyingine zenye majina zaidi ya moja: kompyuta na tarakilishi, akili mnemba, akili unde na akili bandia, shahada ya uzamili, ambayo baadhi ya vyuo huiita shahada ya umahiri. Hakuna kosa katika kuchagua mojawapo. Kosa ni kuzibadilishabadilisha ndani ya matini moja, kwa kuwa msomaji hudhani kila jina lina maana yake.

2. Historia kwa ufupi

Mwaka 1950 Alan Turing alichapisha makala iliyopendekeza kwamba swali la iwapo mashine inafikiri lipimwe kwa mazungumzo. Miaka minne baadaye, Januari 1954, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha hadharani kompyuta ikifasiri sentensi zaidi ya 60 kutoka Kirusi hadi Kiingereza. Mfumo huo ulikuwa na msamiati wa maneno 250 na kanuni 6 za sarufi. Matumaini yalipanda mno. Mwaka 1966 kamati ya wataalamu nchini Marekani, iliyojulikana kwa kifupi ALPAC, ilitoa ripoti iliyoyashusha, na fedha za utafiti wa tafsiri ya mashine zikapungua kwa miaka mingi.

Kipindi cha pili kilitegemea takwimu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa IBM walitumia kumbukumbu za Bunge la Kanada, zinazoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, ili mashine ikadirie uwezekano wa neno moja kuwa tafsiri ya jingine. Kanuni zilizoandikwa kwa mkono zilianza kuachia nafasi hesabu za uwezekano.

Kipindi cha tatu ni cha mitandao ya neva. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake wa Google walieneza njia ya kuliwakilisha kila neno kwa orodha ya namba, ili maneno yanayotumika katika mazingira yanayofanana yawe na namba zinazokaribiana. Mwaka 2017 Ashish Vaswani na wenzake walichapisha muundo uitwao transfoma, ambao ndio msingi wa modeli kubwa za lugha za leo. Mfasiri akumbuke kwamba kwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili "transfoma" ni kile chombo cha umeme kilicho juu ya nguzo. Kwa hiyo kuandika "muundo wa transfoma" au "modeli ya transfoma" huondoa mkanganyo.

Kiswahili hakikuwa mtazamaji katika historia hii. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliweka nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, inayoiwezesha kompyuta kulinganisha umbo la neno linaloandikwa na mofimu zinazolijenga. Katika chuo hichohicho, Arvi Hurskainen aliitumia nadharia hiyo kuunda kichanganuzi cha maneno ya Kiswahili, kazi iliyokua kuwa mfumo wa SALAMA. Kwa hiyo kitenzi cha Kiswahili, kwa viambishi vyake vyote, kilichanganuliwa na kompyuta kwa kanuni za sarufi muda mrefu kabla ya modeli za leo.

3. Mambo yanayosomwa

Shahada ya uzamili huchukua mara nyingi mwaka 1 nchini Uingereza na takriban miaka 2 katika nchi nyingine nyingi. Ratiba hutofautiana, lakini kiini cha somo hakibadiliki sana.

Kwanza ni misingi ya hisabati: uwezekano, aljebra ya vekta na matriki, na ukokotoaji unaohitajika katika kufunza modeli. Pili ni utungaji wa programu, siku hizi kwa lugha ya Python. Tatu ni lugha kama mfuatano: kukadiria neno linalofuata kwa kutazama yaliyotangulia, wazo lenye mizizi katika kazi ya mwanahisabati wa Kirusi Andrey Markov, aliyehesabu mfuatano wa irabu na konsonanti katika herufi 20,000 za riwaya ya Pushkin mwaka 1913. Nne ni uchanganuzi: kutambua aina za maneno, kujenga matawi ya sentensi, kutambua majina ya watu na mahali. Tano ni mitandao ya neva na muundo wa transfoma. Sita ni matumizi, upimaji na maadili. Mwisho huja tasnifu.

Vitabu vinavyotumika zaidi vimeandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha Daniel Jurafsky na James Martin, kilichotoka kwanza mwaka 2000, ndicho kinachojulikana zaidi, na rasimu ya toleo lake la tatu inapatikana kwenye intaneti bila malipo. Mihadhara ya Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu somo hili nayo hutazamwa bure. Ni vyanzo bora, ila mifano mingi imetokana na Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake cha kawaida kina maumbo manne au matano tu. Mwanafunzi anayeihamishia mifano hiyo kwenye Kiswahili bila kuipima hurithi dhana ambazo hazikuundwa kwa ajili ya lugha yake.

4. Mpaka wa neno

Hatua ya kwanza katika karibu kila zoezi la uchakataji ni kuikata matini kuwa vipande, ambavyo huitwa tokeni. Kwa Kiingereza, wanaoanza hufundishwa kukata penye nafasi na penye alama za uakifishi. Kwa Kiswahili kanuni hiyo huleta matatizo mawili.

La kwanza ni la kimaandishi. Katika "ng'ombe", "ng'ang'ania" na "ng'oa", kibainishi ni sehemu ya konsonanti, si alama ya uakifishi. Programu inayokata penye kibainishi huacha "ng" upande mmoja na "ombe" upande mwingine. Mwandishi wa makala hii aliwahi kuletewa na mwanafunzi orodha ya maneno yanayojirudia zaidi katika matini za ufugaji alizozikusanya. Karibu na juu ya orodha kulikuwa na "ombe", na mwanafunzi aliuliza kama huo ni msamiati wa lahaja. Kulisahihisha kosa hilo kulihitaji mstari mmoja wa programu, lakini majedwali yote aliyokuwa ameyajenga juu yake yalibidi yahesabiwe upya. Isitoshe, kibainishi huandikwa kwa alama zaidi ya moja: kilichonyooka, kilichopinda, na wakati mwingine kilichogeuzwa. Kwa mashine, "ng'ombe" na "ng’ombe" ni maneno mawili mpaka iambiwe vinginevyo.

Tatizo la pili ni la kimofolojia. Neno "tutakapowaandikia" lina nafsi ya mtenda (tu-), njeo ijayo (-taka-), kirejeshi cha wakati (-po-), yambwa (-wa-), mzizi (-andik-), kauli ya kutendea (-i-) na kiishio (-a). Mofimu saba, nafasi hakuna hata moja. Kwa Kiingereza maana hiyo huhitaji maneno matano au sita yanayotenganishwa na nafasi.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Tuchukue kitenzi "piga" na viambishi 6 vya nafsi peke yake. Kwa njeo na hali za -na-, -li-, -ta- na -me- tunapata maumbo 24. Tukiongeza ukanushi wake (hapigi, hakupiga, hatapiga, hajapiga, na wenzake katika nafsi nyingine) yanakuwa 48. Tukizipitisha kauli tano, yaani piga, pigia, pigwa, pigana na pigisha, maumbo yanafika 240. Hapo hatujagusa viambishi vya ngeli nyingine, yambwa, virejeshi wala hali ya masharti. Katika mkusanyo mdogo wa matini, mengi ya maumbo hayo huonekana mara moja tu, au hayaonekani kabisa. Mashine inayolichukulia kila umbo kuwa neno jipya hujikuta haijui kwamba "hawajapigiana" na "nitampiga" yana mzizi mmoja.

5. Vipande vya maneno: jaribio la mkono

Suluhisho linalotumika sana leo ni kukata maneno kuwa vipande kwa kufuata takwimu. Njia moja mashuhuri ilitokana na mbinu ya kubana data iliyoelezwa na Philip Gage mwaka 1994. Mwaka 2016 Rico Sennrich, Barry Haddow na Alexandra Birch wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha namna ya kuitumia katika tafsiri ya mashine. Huanza na herufi mojamoja. Kisha jozi ya alama inayojirudia zaidi huunganishwa kuwa alama moja. Kisha jozi inayofuata. Na kuendelea hadi idadi iliyopangwa itimie.

Mwalimu anaweza kulifanya jaribio hili ubaoni. Tuchukue sentensi: "Waliopika wali walikosa wali." Tukiweka herufi zote ndogo, jozi w-a imo mara 4, a-l mara 4 na l-i mara 4, hakuna jozi nyingine inayozidi mara 2. Kwa kuunganisha mara tatu tu, mashine inapata kipande "wali" kinachojirudia mara nne. Mara mbili ni chakula. Mara mbili nyingine ni kiambishi cha nafsi "wa-" kilichofuatwa na kiambishi cha wakati "-li-". Takwimu zimeona sura moja mahali ambapo sarufi inaona vitu viwili visivyohusiana.

Haki itendeke: mambo hayaishii hapo. Zana nyingine huweka alama ya mwisho wa neno, na hapo wali wa sahani hutofautishwa na "wali-" ya mwanzo wa kitenzi. Nyingine huweka alama ya mwanzo wa neno tu, na hapo vyote viwili hubaki na sura moja. Aidha, modeli za transfoma hutazama vipande vilivyo jirani, na zikilishwa matini nyingi hujifunza kuzitenganisha maana hizo. Lakini wingi huo wa matini ndio ambao Kiswahili hakina kwa kiwango cha Kiingereza. Ukataji mbaya ambao lugha tajiri wa data huufidia kwa wingi, kwa lugha yenye data haba hubaki kuwa kosa.

Kuna athari ya pili. Orodha ya vipande ikiandaliwa kwa matini ambazo sehemu yake kubwa ni Kiingereza, maneno ya Kiingereza hubaki mazima na ya Kiswahili hukatwakatwa. Maana ileile basi huhitaji tokeni nyingi zaidi kwa Kiswahili. Pale ambapo huduma hulipiwa kwa idadi ya tokeni, au ambapo modeli ina kikomo cha tokeni inazoweza kupokea kwa mara moja, mtumiaji wa Kiswahili hulipa zaidi na hupewa nafasi ndogo zaidi. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kulithibitisha hili kwa alasiri moja: achukue aya moja na tafsiri yake, azipitishe katika kikataji kilekile, ahesabu.

6. Kupima kazi ya mashine

Modeli ikishafunzwa, hupimwa. Katika tafsiri, kipimo kilichotawala kwa miaka mingi ni BLEU, kilichoelezwa na Kishore Papineni na wenzake wa IBM mwaka 2002. Hulinganisha tafsiri ya mashine na tafsiri ya mtu kwa kuhesabu maneno na mifuatano ya maneno inayolingana. Kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, kipimo hiki ni kikali pasipostahili. Ikiwa mfasiri aliandika "Hatukumwona mwalimu" na mashine ikaandika "Hatujamwona mwalimu", kitenzi huhesabiwa kuwa kimekosewa kabisa, sawasawa na kama mashine ingeandika "Walitufukuza". Mwalimu wa Kiswahili angekata alama kidogo tu, kwa njeo.

Mwaka 2015 Maja Popović alipendekeza kipimo cha chrF, kinacholinganisha mifuatano ya herufi badala ya maneno. Kinawatendea haki zaidi wenye viambishi, na wanafunzi wanaofanya kazi juu ya Kiswahili hushauriwa kukiripoti. Hata hivyo, kina upofu wake. Tuseme tafsiri sahihi ni "Hatakuja kesho" na mashine imeandika "Atakuja kesho". Tofauti ni herufi moja. Kipimo cha herufi kitatoa alama za juu kwa sentensi iliyogeuza maana kinyumenyume. Mgonjwa akiambiwa daktari atakuja wakati hatakuja, herufi hiyo moja si jambo dogo.

Ndiyo maana upimaji wa Kiswahili haukamiliki bila msomaji anayekijua. Mfasiri au mwalimu anayeitwa kuipima mashine anaweza kuandaa orodha fupi ya sentensi za mtihani, kila moja ikilenga jambo moja:

Ukanushi: atakuja na hatakuja, amefika na hajafika.

Utata wa kauli ya kutendea: "Baba amempigia mtoto mpira" inaweza kumaanisha kwa niaba yake, kwa ajili yake au kuelekea kwake.

Utata wa kirejeshi: katika "mtoto wa mwalimu aliyekuja jana", aliyekuja ni mtoto au ni mwalimu?

Homonimia: "paa" la nyumba, "paa" wa porini, "paa" angani na "paa" samaki.

Jinsia: "Yeye ni daktari" na "Yeye ni muuguzi". Kiswahili hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hulazimika kuchagua, na mashine ikichagua mwanamume kwa sentensi ya kwanza na mwanamke kwa ya pili, imeongeza habari ambayo msemaji hakuitoa.

Saa: "saa tatu asubuhi" ni saa 9 kwa hesabu ya Kiingereza. Tafsiri ya neno kwa neno humfikisha msafiri kituoni usiku wa manane.

Katika usemi huongezeka mkazo: "barabara" ya magari na "barabara" ya kufanya jambo sawasawa zina tahajia moja, ila mkazo hutofautiana.

7. Kongoo: matini za kufunzia

Kongoo ni mkusanyo mkubwa wa matini au sauti uliopangwa kwa ajili ya uchunguzi. Wapo wanaoandika kopasi au korpasi. Kwa Kiswahili, Kongoo ya Helsinki ndiyo iliyotajwa kwa muda mrefu zaidi. Toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25 yenye maelezo ya kisarufi. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla hukusanya sauti zinazotolewa kwa hiari, za Kiswahili zikiwemo. Jumuiya ya watafiti wa Kiafrika iitwayo Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja, ilichapisha mwaka 2021 data iitwayo MasakhaNER, ambamo majina ya watu, mahali, asasi na tarehe yametiwa alama katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Swali la kwanza kuhusu kongoo yoyote ni hili: hiki ni Kiswahili cha nani? Matini zinazopatikana kwa urahisi ni za magazeti na za dini. Modeli iliyolelewa na hizo huandika kama mhariri au kama mhubiri, na hubabaika mbele ya ujumbe wa simu, barua ya mkulima au maelezo ya mgonjwa. Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu, chenye maumbo yake na maneno yake, huonekana kwa nadra. Sheng huonekana kama makosa ya tahajia. Kongoo isiyotaja mipaka yake humfanya mtafiti aseme "Kiswahili" pale ambapo alipaswa kusema "Kiswahili cha magazeti ya Tanzania na Kenya".

Utiaji alama nao ni kazi ya kitaalamu, ingawa mara nyingi huchukuliwa kuwa kibarua. Je, "nyumbani" ni nomino au kielezi? "Mwenye" itiwe alama gani? "Chuo Kikuu cha Dar es Salaam" ni asasi moja, au ni asasi iliyobeba jina la mahali? Majibu yanaweza kutofautiana na bado yakawa na mantiki. Kinachohitajika ni mwongozo ulioandikwa, na watia alama wawili au zaidi wanaofanya kazi bila kutazamana, kisha tofauti zao zikajadiliwa. Mwanafunzi anayewashirikisha wataalamu wa lugha awataje katika tasnifu yake na awalipe ipasavyo.

8. Kuchagua mada ya tasnifu

Wanafunzi wengi huvutiwa na modeli kubwa. Gharama za kuzifunza ziko nje ya uwezo wa idara nyingi, na mwanafunzi hubaki akiripoti namba ambazo hawezi kuzieleza. Mada zenye manufaa kwa Kiswahili mara nyingi ni ndogo na zinapimika: kulinganisha ukataji wa takwimu na ukataji unaofuata mofimu kwa modeli ileile, kuandaa seti ya sentensi za ukanushi kwa ajili ya kupimia tafsiri, kusawazisha tahajia katika kongoo iliyochanganyika, kuchunguza namna programu za usemi zinavyowapokea wasemaji wa maeneo tofauti.

Anayetoka isimu na kuingia kompyuta atahitaji kujiandaa kwa hisabati ya uwezekano na utungaji wa programu kabla ya muhula wa kwanza. Anayetoka kompyuta ahesabu pia deni lake: asome mofolojia ya Kiswahili, ngeli na upatanisho wa kisarufi, mnyambuliko wa vitenzi na angalau utangulizi wa lahaja. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Programu inayozungumza Kiswahili laini imeundwa na maamuzi mengi madogo, kuanzia pale ilipoamuliwa neno likatwe wapi. Maamuzi hayo yasipofanywa na wanaoijua lugha, hufanywa na mipangilio iliyotayarishwa kwa lugha nyingine.

9. Istilahi za msingi na mifano ya matumizi

Algoriti: mfuatano wa hatua za kutatua tatizo. Algoriti hii huunganisha jozi zinazojirudia.

Kongoo: mkusanyo wa matini au sauti kwa ajili ya uchunguzi. Kongoo yake ina habari za michezo tu.

Kufunza: kuirekebisha modeli kwa kutumia data. Modeli ilifunzwa kwa matini za magazeti. Kitenzi "fundisha" kibaki kwa watu. Tofauti hiyo humsaidia msomaji.

Modeli ya lugha: mfumo unaokadiria uwezekano wa mfuatano wa maneno au tokeni.

Mtandao wa neva: muundo wa hesabu wenye tabaka za vizio vilivyounganishwa.

Tokeni: kipande cha matini kinachochukuliwa na mashine kuwa kizio kimoja, umoja na wingi havibadiliki. Tokeni si lazima iwe neno, wala si lazima iwe mofimu.

Ujifunzaji wa mashine: mbinu za kuiwezesha mashine kupata kanuni kutokana na mifano.

Upendeleo: mwelekeo wa modeli kuegemea upande mmoja kwa sababu ya data au usanifu wake. Upendeleo wa kijinsia huonekana katika tafsiri ya viwakilishi.

Utiaji alama: kazi ya kuongeza maelezo ya kisarufi au kimaana katika matini. Utiaji alama ulifanywa na walimu watatu wa Kiswahili.

Vekta ya neno: orodha ya namba inayowakilisha matumizi ya neno. Vekta za "chai" na "kahawa" hutarajiwa kukaribiana.